Mwaka Konsolata Alipoacha Kuandika

Aliyenipigia simu kunijulisha kwamba Konsolata amefariki ni Kezia, binti wa kaka yake, ambaye tangu utotoni huelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Alisema shangazi yake alilala mchana kama kawaida yake na hakuamka. Aliongea taratibu, kama mtu ambaye alikuwa ameshairudia habari hiyo kwa watu wengi asubuhi ile, kisha akaniuliza kama ningependa nichukuliwe kwenye kituo cha treni cha Pickering, mji wa huku Kanada wanakoishi, siku ya mazishi, kwa kuwa anajua sioni. Kanisani nilikaa benchi la nyuma. Padri alisema marehemu alikuwa mtu wa sala, mvumilivu, aliyebeba upofu wake bila kunung'unika, na akawashukuru kaka yake na wifi yake kwa kumtunza hadi mwisho. Yote hayo ni kweli na sina neno la kuyapinga. Lakini nilikaa pale nikisubiri mtu mmoja tu aseme jambo jingine, na hakuna aliyelisema. Kezia alipokuwa akinirudisha kituoni aliniuliza tulifahamiana wapi, maana shangazi yake alizoea kunitaja. Nikamwambia tuliishi pamoja St. James Town, mtaa wa maghorofa, kwa mwaka mmoja, enzi zile alipokuwa anafanya kazi. "Kazi gani?" akauliza. "Sikujua kama aliwahi kufanya kazi." Nilimweleza kwa kifupi kwa sababu kituo kilikuwa karibu na treni haingoji mtu. Hapa naeleza kwa urefu.

Nilifika kwake baada ya macho yangu kufa. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, mwanafunzi wa uhasibu, na presha ya macho ilikuwa imenimaliza upande mmoja kabla sijajua, kisha upande wa pili huku madaktari wakihangaika. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyenipeleka. Aliniambia kuna dada wa Kirundi, kipofu tangu utoto, anakaa peke yake ghorofani, anapika mwenyewe, anafanya kazi mwenyewe, na ana chumba cha ziada. Nilidhani ananitia moyo tu. Tulipotoka kwenye lifti, korido ilinukia bizari za majirani wa Kitamil na vitunguu vinavyokaangwa, na mbele ya mlango mmoja nilisikia vidole vikipiga kibodi kwa kasi ambayo mimi nikiwa na macho yangu yote sikuwahi kuifikia. Mama yule aligonga. Vidole vikasimama. "Karibuni, mulango uko wazi," ilisema sauti nzito kidogo ya mwanamke. "Muvue viatu, nimepiga deki sasa hivi."

Konsolata alikuwa na miaka thelathini na mitatu au minne. Alinipa chai ya maziwa na maandazi, akanionyesha choo kiko wapi, swichi za jiko ziko wapi, kisha akanikalisha kwenye meza iliyokuwa chini ya dirisha, juu ya bomba la joto lililokuwa likigongagonga majira yote ya baridi. Pale ndipo alipokuwa anafanyia kazi. Kampuni moja ndogo ilikuwa ikimtumia sauti zilizorekodiwa, mahojiano ya watafiti na mikutano ya Kifaransa, naye alikuwa akizigeuza kuwa maandishi. Sikio moja aliliachia mazungumzo, jingine aliliachia programu inayomsomea mambo yaliyo kwenye skrini. Sauti ya programu ile ilikuwa inaenda mbio kiasi kwamba sikuweza kujua ni lugha gani. Nilipomuuliza anaielewaje, alicheka. "Wewe ulikuwa unasoma gazeti herufi moja moja?" akasema. "Ndivyo na mimi. Sikio linazoea."

Alinifundisha kwenye laptopu yake ya zamani, kila siku baada ya chakula cha mchana. Maharage na ndizi, au ndagala, dagaa wa kwao, aliowakaanga mpaka wakawa wakavu, au lengalenga, mchicha wa kwenye makopo, tulioulalamikia sote wawili na kuula. Tukimaliza alikuwa anafuta meza, anaweka laptopu mbele yangu na kukaa pembeni yangu, bega kwa bega. Hakuwa mwalimu mpole. Nikilia alikuwa akingoja nimalize, kisha ananiambia, "Bon," yaani haya, "tulikuwa kwenye herufi gani?" Nilimchukia baadhi ya siku. Leo watu hunilipa niwafundishe wengine kazi hiyo hiyo, na mwanafunzi wangu akianza kulia hujikuta nangoja vile vile, kimya, mkono wangu ukiwa karibu na wake bila kuushika.

Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imejaa nje, kaka yake Fideli alimletea laptopu mpya. Fideli alikuwa mfanyakazi wa ghala huko Pickering, mtu wa maneno machache, na alimpenda dada yake kwa namna ya watu waliokimbia vita pamoja wakiwa watoto. Laptopu ile ilikuwa nyembamba, pana, baridi kama sahani. Konsolata aliizungusha mikononi, akaipapasa kila upande na kusema ni nzuri. Ile ya zamani akanipa mimi moja kwa moja. Fideli alifurahi kiasi kwamba alikaa kunywa chai ya pili, na mkewe Yosefina akamtania kwamba sasa dada atamwandikia rais. Naikumbuka alasiri ile kama moja ya alasiri nzuri kabisa katika mwaka ule. Hakuna aliyefanya kosa lolote ndani yake. Ndiyo maana huwa sijui huzuni yangu niitue wapi.

Wiki chache baadaye msimamizi wake wa kazi alipiga simu. Alikuwa mwanamke mstaarabu, mwenye sauti ya mtu anayechagua maneno. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nilikuwa naosha vyombo. Alisema kazi ya mwisho ilikuwa na mahali ambapo sentensi moja iliingia katikati ya nyingine, na jibu la mtu mmoja lilikaa kwenye mdomo wa mtu mwingine. Konsolata aliomba radhi, akasema atakagua zaidi. Alipokata simu alirudia kusikiliza kazi ile yote. Nilimsikia akisimamisha sauti, akirudisha nyuma, akisimamisha tena. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Maneno ni yangu. Lakini sikuyaweka pale." Akakagua kazi iliyofuata mara mbili kabla ya kuituma. Wakamwambia kuna aya nzima haipo. Akajaribu kwenda polepole. Alianza kuchelewesha kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na makosa hayakupungua, kwa sababu kila aliporudi kusahihisha mahali pamoja alikuwa anaharibu pengine bila kujua. Aliangalia kama programu ya kusoma ina hitilafu. Akaiondoa, akaiweka upya. Akapiga simu kwa watu wanaohusika nayo, wakamwambia iko sawa. Basi akabaki akijishuku mwenyewe.

Wakati huo ndipo chakula chetu kilipokuwa kimya. Konsolata ambaye alikuwa na maoni juu ya kila kitu, juu ya bei ya ndizi na mahubiri ya Jumapili na jirani anayeburuta viti, alikuwa anakula akiwa ameelekeza uso wake mezani. Nilijua kwa sababu sauti yake ilikuwa inatoka chini. Siku moja aliniuliza, "Jana nilikwambia habari za mama yangu na kisima?" Nikamwambia ndiyo. "Niliieleza sawasawa? Haikuchanganyika?" Nikamwambia ilikuwa sawasawa. Akaniomba nimrudishie hadithi ile kama alivyonieleza. Nikamrudishia neno kwa neno kadiri nilivyoweza, naye akasikiliza kama mgonjwa anayesomewa majibu ya vipimo.

Jumapili moja Fideli na Yosefina walikuja na Kezia, ambaye alikuwa mtoto mdogo wa kukimbia koridoni. Konsolata alikuwa amewaambia habari za kazi. Baada ya kula, Fideli na mkewe walikwenda jikoni kuosha vyombo, na sisi wawili tukabaki sebuleni. Kuta za nyumba zile ni nyembamba, na watu wenye macho hudhani wakishusha sauti wamefunga mlango. "Kichwa chake kimechoka," Fideli alisema. "Mimi nilijua siku itafika. Mambo aliyoyapitia kule hayakumtoka, yalikuwa yamelala tu." Yosefina akasema, "Tumulete nyumbani. Chumba cha chini kipo. Apumzike, asali, acheze na mtoto." Fideli akasema, "Atakataa." Yosefina akajibu, "Akiharibikiwa huku peke yake na yule mwenzake naye haoni, nani atajua?" Maji yalifunguliwa tena. Nilinyoosha mkono kumtafuta Konsolata kwenye kochi, nikaupata mkono wake umefungwa ngumi. Walipotoka jikoni aliwashukuru kwa kuosha vyombo.

Mimi bado nilikuwa najifunza kwenye laptopu ya zamani, nayo haikuwahi kuniharibia hata neno moja ambalo sikuliharibu mwenyewe. Ile mpya sikuigusa. Ilikuwa ya kazi, na nyumbani kwetu kitu cha kazi cha mtu hakiguswi. Ilikuwa mwezi wa sita, madirisha yakiwa wazi na watoto wakipiga kelele kwenye uwanja wa chini, Konsolata alipokuwa amelala na kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Kichwa kilikuwa kimemuuma tangu asubuhi. Aliniita kutoka chumbani, akaniomba nimwandikie msimamizi kwamba kazi itachelewa tena siku moja. "Tumia ile yangu," akasema. "Barua pepe iko wazi."

Nikaketi. Nikaweka vidole mahali pavyo, na viganja vikashuka chini ya kibodi kutafuta pa kuegemea, vikakuta uwanja mpana, laini, uliokaribia kujaza sehemu yote ya chini. Niliandika sentensi moja. Nilipoiambia programu inisomee, nusu ya sentensi ilikuwa imekaa kwenye salamu. Nikarudia. Safari hii neno la pili likameza la kwanza. Nikainua mikono. Nilikuwa nimewahi kuwa na macho, na nilikuwa nimewahi kuwa na laptopu yangu chuoni, na nilijua uwanja ule ni nini. Ni tachipedi, pale wenye macho wanapotelezesha kidole ili kusogeza mshale kwenye skrini, na wanapogonga ili kubofya. Kwenye laptopu ya zamani ilikuwepo ndogo tu, tena ilikuwa imekufa kabla Konsolata hajainunua. Hii ilikuwa hai. Kila kiganja kilipoigusa, iliamini kuna mtu anabofya, ikaupeleka uandishi popote mshale ulipokuwa umesimama, na mikono ikaendelea kuandika huko bila habari. Kiganja kikiburuzika kidogo, ilichagua aya nzima, na herufi iliyofuata ikaifuta.

Nilimwita. Alikuja akiburuta kandambili. Nikamuuliza, "Dada, hii tachipedi uliizima?"

"Kuzima nini?"

Nikachukua mkono wake, nikautelezesha pale. Nikamweleza inavyofanya kazi. Nikamwambia aketi, aandike kama anavyoandika siku zote, nami nikaweka mkono wangu juu ya wake. Vidole vyake vilikimbia, na chini ya kidole gumba, ile nyama nene ya kiganja ilikuwa ikishuka na kugusa, ikishuka na kugusa, kwa wepesi ambao mtu mwenyewe hawezi kuuhisi. Programu iliposoma, maneno yalikuwa yamepinduka. Akaandika tena huku akiinua viganja juu hewani. Sentensi ikasomeka nzima.

Alishusha mikono mapajani. Watoto wa chini walikuwa wakigombania zamu ya bembea. "Kwa hiyo si kichwa," akasema.

"Si kichwa."

"Mimi nilidhani ni mahali pa kupumzishia mikono," akasema. "Niliona ni watu wazuri waliotengeneza hivyo." Kisha akaweka paji la uso juu ya kibodi na kulia, na programu ikasoma herufi moja ileile mfululizo, kwa sababu uso wake ulikuwa umeibonyeza, mpaka nilipoivuta laptopu polepole kutoka chini ya uso wake.

Tulipambana nacho kitu kile siku kadhaa. Kwanza tulibandika karatasi, lakini mguso ulipita. Tukakata kadibodi nene ya boksi la nafaka na kuibandika kwa utepe wa gundi. Ikazuia, ila kingo zake zilimkwaruza na gundi ililegea kwa joto. Kulikuwa na kitufe cha juu kinachozima na kuwasha tachipedi, lakini kilikuwa hakisemi kitu, hivyo ukikibonyeza hujui umezima au umewasha. Hatimaye tukapata njia: ndani ya mipangilio kuna mahali pa kuiambia kompyuta izime tachipedi kila ikichomekewa kipanya cha nje. Tulikichomeka kipanya na kukilaza ndani ya kikombe kitupu ili kisigongwe. Kila asubuhi alikuwa akiandika mstari mmoja, anapangusa ule uwanja kwa kiganja chote, anagonga, kisha anaiuliza programu mahali pa kuandikia pako wapi. Ikijibu pako palepale, anaanza kazi. Mpaka leo mwanafunzi wangu akija na laptopu mpya, kabla ya jambo lolote, tunalifanya hilo. Na baada ya kompyuta kujisasisha tunalifanya tena, maana ikijisasisha husahau uliyoiambia.

Aliandika kazi iliyokuwa mkononi, akaikagua, akaituma ikiwa safi, pamoja na maelezo ya yote yaliyotokea. Msimamizi alipiga simu mwenyewe. Alisema anaelewa, na anasikitika sana, lakini wateja walikwishalalamika na kazi za Kifaransa amempa mtu mwingine. Alisema atalihifadhi jina la Konsolata. Alilisema kwa wema, na wema ule haukuacha mahali pa kubishia.

Fideli alipokuja tulimweleza. Konsolata alimwonyesha kikombe na kipanya chake, akamshika mkono akamgusisha. Fideli akasema kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyeinunua." Konsolata akamjibu haraka kwamba hapana, ni mashine nzuri, haikuwa kosa la mtu. Nilitegemea sasa habari ya kuhamia Pickering itakuwa imekwisha. Lakini Fideli alipokuwa anavaa viatu, Konsolata alimwuliza kile chumba cha chini kina dirisha. Fideli akasema lipo dogo. "Bon," akasema. "Nitakuja mwezi wa nane."

Nilimsihi usiku na mchana, kama wasemavyo. Nilimwambia kampuni ziko nyingi, yeye ni hodari, nami mwenyewe ni shahidi. Tulikuwa tunakunja nguo zilizotoka kufuliwa, zikiwa bado na joto. Aliendelea kukunja. "Miezi yote ile nilikuwa naamini ninakuwa mwendawazimu, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa ninajilinda nisiongee mbele yako. Sasa unaniambia siyo, na mimi najua siyo. Lakini mahali nilipokuwa ninasimama pamevunjika, na kujua tu hakupajengi." Nilikuwa kijana, na nilidhani mtu akishaonyeshwa kwamba hakukosea, amepona.

Aliondoka siku ya joto kali. Lifti moja ilikuwa mbovu, na Fideli alishusha mizigo kwa zamu nyingi. Laptopu ile mpya aliniachia mimi, na nilipokataa alisema kwa Fideli zipo nyingine, jambo ambalo nilijua si kweli. Msichana mmoja wa Kongo alihamia kwenye chumba chake. Majani yalianza kuanguka. Nilikuwa nimeshaanza kuandika kwa kasi ya kuridhisha, na sikuwa na mtu wa kumringia.

Mwezi wa kumi na moja simu ya nyumbani ililia, kumbe ni yule msimamizi. Alikuwa amepata kazi nyingi, nyingine za Kiingereza na Kiswahili, na alimkumbuka Konsolata. Nilimwomba asubiri kidogo, nitampigia. Nikabonyeza namba za Pickering. Yosefina alipokea, akamwita Konsolata. Nilisema habari yangu bila hata salamu. Upande ule kulikuwa na televisheni ya katuni, na Kezia akiimba nayo.

"Mwambie asante," Konsolata akasema. "Mwambie nimeshazeeka."

"Dada, usiseme hivyo."

"Mwambie kuna mtu nilimfundisha. Akupe wewe."

Nilibishana naye mpaka akaninyamazisha kwa namna yake ya zamani, ile ya kungoja tu. Basi nikampigia msimamizi, nikajitaja, na nikapewa kazi. Maisha yangu yote ya baadaye, mshahara wa kwanza, kodi niliyolipa mwenyewe, watu niliowafundisha na wanaonifahamu kwa kazi hiyo, yametoka katika simu ile. Yalikuwa yake kwanza.

Siku nilipopokea sauti ya kwanza, mahojiano na mama mmoja wa Kitanzania aliyekuwa akieleza alivyofika Kanada, nilimpigia tena jioni kabla ya kuanza. Sikujua nataka nini. Nilimwambia naogopa. Akaniuliza kama nimekaa vizuri, kama mgongo umenyooka. Kisha akasema, "Usikate. Weka simu mezani, uandike."

Nikaiweka simu karibu na kibodi, nikavaa kifaa cha masikioni upande mmoja na kuuacha wa pili wazi. Niliandika polepole mwanzoni, nikisimama, nikirudi, halafu vidole vikashika njia. Aya ikaisha, nikaanza nyingine. Kwenye simu nilikuwa nasikia pumzi zake tu, na mbali kidogo sahani zikipangwa. Nilipokaribia mwisho wa ukurasa, sauti ya Yosefina ilimwita chakula. Hakuitika. Ikamwita tena. Nikaendelea kuandika, yeye akiendelea kusikiliza, mpaka niliposikia nyayo zikimjia, sauti ya Yosefina ikimwambia, "Nipe mkono," na simu ikakatika.